Sura ya Saba: Muda wa Kuketi na Mshauri

Miongoni mwa maswali ambayo watu wa Kakamega huyabeba vifuani wanapobisha hodi kwa mshauri nasaha kwa mara ya kwanza, lipo moja ambalo aghalabu halitamkwi, nalo ni hili: jambo hili litakwisha lini? Bei huulizwa, siri huulizwa, na pengine huulizwa kwa kuzungukazunguka kama mshauri ana ujamaa na ukoo wa fulani, kwa kuwa mji wetu si mkubwa na habari hutembea upesi kutoka Lurambi hadi Shinyalu. Lakini muda hauulizwi. Mwenye dhiki huona haya kuuliza, asije akadhaniwa ana haraka ya kuondoka kabla hata ya kuketi, na mshauri naye, kwa adabu au kwa kutotanabahi, hanyanyui mdomo, na hivyo wawili hao huanza kazi nzito ambayo mwanzo wake una tarehe na saa, ilhali mwisho wake hauna hata mwezi.

Sura hii ina dai moja. Muda wa kuketi na mshauri haufai kuachwa wazi: yapasa utajwe siku ya kwanza kwa idadi ya vikao inayohesabika, upimwe katikati, na ukiongezwa uongezwe kwa sababu inayoweza kuelezwa mbele ya mwenye dhiki akaifahamu. Nasema hivi nikijua kwamba wapo washauri wema ambao huona kumtajia mtu mwisho wakati machozi yake hayajakauka ni ukatili. Naiheshimu huruma yao, lakini naamini kwamba imeelekea upande usiowafaa watu wetu.

Wazee wetu, wa pwani na wa bara, hawakuiacha huzuni bila mpaka. Katika mji wa Mumias, ambako Uislamu uliingia pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani na ukashika mizizi zama za Nabongo Mumia, mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, wala hapana mtu amwulizaye katika siku hizo kwa nini amejitenga, wala hapana amwulizaye, muda ukisha kutimia, kwa nini ametoka. Kwa jirani zetu Wabukusu, mzee mwenye heshima akifa, baada ya mazishi huja msemaji mahsusi aliyerithi kazi hiyo, akawa anatembea mbele ya umati huku akinena juu ya asili ya koo, juu ya maisha na mauti na wajibu wa walio hai, katika ada iitwayo khuswala kumuse. Na maneno yake yakikoma, watu hutawanyika kurudi makwao. Ada hizi hazikupata kudai kwamba uchungu umekwisha siku ile. Zilimpa aliyefiwa kitu ambacho ushauri wa ofisini mara nyingi umesahau kumpa, yaani idhini iliyo wazi, iliyotolewa mbele ya mashahidi, ya kusimama tena na kushika jembe.

Kakamega ina sababu yake ya kulitafakari jambo hili kuliko miji mingi. Jioni ya tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipokuwa wakitoka madarasani kurudi nyumbani, kulizuka mkanyagano ngazini, na watoto wasiopungua 13 wakafa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Msiba ule uliutikisa mji mzima. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilifungua meza ya kuwatafuta waliokuwa hawajaonekana na likatoa ushauri kwa waliofiwa na walionusurika, na hilo lilikuwa jambo la kushukuriwa sana, kwa maana katika saa zile za fadhaa mzazi huhitaji mtu wa kumshika mkono kabla ya kuhitaji tiba yoyote. Lakini tazama kalenda. Tarehe 15 Machi ya mwaka uleule, kwa ajili ya maradhi ya korona, serikali iliamuru shule zote nchini zifungwe, na watoto wengi hawakurejea madarasani hadi Januari 2021. Baina ya msiba na kufungwa kwa shule zilikuwapo takriban wiki sita. Mtoto aliyekuwa kwenye ngazi zile, au aliyeliacha dawati la rafiki yake likiwa tupu, alikuwa na wiki sita za kuwa karibu na walimu na wenzake walioujua msiba wake, kisha akapelekwa nyumbani, akakaa miezi mingi na mawazo yake.

Sina haja ya kumlaumu mtu kwa tauni iliyoikumba dunia nzima. Ninalotaka msomaji alione ni tofauti ya mambo mawili ambayo huchanganywa. Faraja ya siku za mwanzo ni jambo moja, na muda wake ni mfupi kwa desturi. Tiba ya nafsi iliyojeruhiwa ni jambo la pili, na kwa kawaida huanza pale faraja ya kwanza inapokoma, wageni wamekwisha kuondoka, viti vya matanga vimerudishwa, na mtoto bado anaamka usiku akipiga kelele. Anayeihesabu ile ya kwanza kuwa ndiyo ya pili atasema kwamba mtoto amekwisha kushauriwa, ilhali kazi haijaanza.

Basi tiba hiyo ya pili huchukua muda gani? Jibu lililo karibu nasi kuliko yote lilipatikana jirani, katika kaunti ya Bungoma, na ng'ambo ya mpaka huko Moshi, Tanzania. Watafiti waliwakusanya watoto 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13, ambao walifiwa na mzazi mmoja au wote wawili na walikuwa wakisumbuliwa na majeraha ya nafsi au kihoro kisichopoa, wakawagawa kwa kura: nusu wakapewa tiba ya mazungumzo iliyotungwa kwa ajili ya majeraha ya nafsi, na nusu wakabaki katika matunzo ya kawaida. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Tiba ilikuwa na vikao 12 vya kundi, kimoja kila wiki, pamoja na vichache vya mtoto peke yake ambamo alisimulia kifo kile tangu mwanzo hadi mwisho, na walezi nao walikuwa na vikao vyao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, mwaka uleule wa msiba wetu. Watoto wa Bungoma waliopata tiba, wa mjini kwa wa mashambani, walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao, na mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Kule Tanzania, baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamelingana katika kupona, jambo linaloonyesha kwamba mahali pengine wakati na jamaa hufanya sehemu ya kazi hii wenyewe.

Vikao 12. Naomba msomaji aishike idadi hii, kwa sababu ndani yake mna siri ya mafanikio yale: kila kikao kilikuwa na kazi yake, na kila aliyeketi alijua ni kipi kilichopita na kipi kinachofuata. Wiki hii mtoto anajifunza kuyataja maumivu kwa majina yake, wiki nyingine anajifunza kuutuliza mwili unapotetemeka, baadaye anasimulia, baadaye anaongea juu ya marehemu na mambo mema aliyomwachia. Mtoto wa kijijini, ambaye watu wazima humwingia na kumtoka bila kumwaga, huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba hawa watu watakuwa naye kwa majuma kadhaa na kisha wataagana naye kwa uso mkunjufu. Nadhani kuagwa vizuri kwenyewe kulikuwa sehemu ya dawa kwa mtoto ambaye mzazi wake hakupata kumwaga.

Kwa watu wazima wapo waliofaidika kwa muda mfupi zaidi. Huko Dagoretti, Nairobi, wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepata kupigwa au kudhulumiwa, walishirikishwa katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, ambamo wahudumu wa afya wa mitaani waliofunzwa njia ya Shirika la Afya Duniani ya vikao vitano tu waliwapunguzia dhiki kuliko walivyopunguziwa wenzao waliopata matunzo ya kawaida. Na huko Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, makundi ya wanavijiji wenye sonona yaliketi kwa wiki 16 chini ya viongozi waliofunzwa, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na habari zake zikachapishwa mwaka 2003 zikawashangaza wengi kwa ukubwa wa nafuu iliyopatikana. Kinachonigusa zaidi katika habari ya Uganda ni kilichofuata: wiki 16 zilipokwisha na viongozi kuondoka, makundi mengi yaliendelea kukutana yenyewe. Tiba ilikoma kwa wakati wake, na udugu ukabaki kwa wenyewe, kama mtoto mchanga anayebaki na mamaye baada ya mkunga kuchukua mkoba wake na kwenda zake.

Wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Kenneth Howard, walikusanya mwaka 1986 habari za wagonjwa zaidi ya 2,400 zilizopatikana kwa miaka 30, wakaona kwamba ilipofika kikao cha 8 karibu nusu yao walikuwa wameonyesha nafuu inayopimika, na ilipofika cha 26 walikuwa robo tatu. Hesabu hii husomwa na kila mtu kwa namna inayompendeza. Mwenye haraka husema kwamba vikao 8 vinatosha. Lakini nusu ya pili nayo ni watu, na kati ya kikao cha 8 na cha 26 kuna wengi ambao wangeondoka na jeraha bichi kama mlango ungefungwa mapema. Nami huisoma hivi: vikao 6 hadi 8 ni kipimo cha haki cha kwanza, mahali pa kusimama na kuulizana, na mtu asiyeona badiliko lolote hapo anastahili maelezo au njia nyingine, na pengine mshauri mwingine.

Hata waasisi wa elimu hii walitatizika kuumaliza utabibu wao. Sigmund Freud wa Vienna alimtibu tangu mwaka 1910 kijana tajiri wa Urusi, Sergei Pankejeff, na alipoona kwamba miaka inapita na kijana ameridhika kukaa tu kitandani akiongea bila kusogea, akamwekea mwaka wa mwisho, akamwambia kwamba ukitimia wataachana, hali iweje. Kwa maelezo ya Freud mwenyewe, mengi yaliyokuwa yamefichwa yalitoka katika miezi ile iliyobaki. Lakini Pankejeff hakupona kama ilivyodhaniwa. Alirudi kwa Freud baada ya vita, akaenda kwa wengine, akaendelea kuwaona waganga wa nafsi kwa vipindi hadi alipofariki mwaka 1979, na Freud katika uzee wake, mwaka 1937, aliandika makala nzima juu ya suala la lini tiba hii humalizika. Somo ninalolichukua hapo ni kwamba mpaka una nguvu, na kwamba mpaka uliowekwa na mmoja bila ridhaa ya mwenziwe hauna insafu.

Turudi kwetu. Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579 katika hesabu ya mwaka 2019, na washauri na matabibu wa akili waliopo hukaa zaidi mjini. Tuchukulie mama mmoja, mwalimu huko Malava, ambaye mumewe amekufa ghafla, akawa halali wala hali, na darasani anasimama akisahau alichokuja kufundisha. Analetwa mjini na shemeji yake. Kikao cha kwanza analia. Cha pili anaeleza. Cha tatu anarudi nyumbani akalala usingizi mzima kwa mara ya kwanza tangu msiba, na asubuhi anasema moyoni mwake, nimepona. Kikao cha nne haji. Nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ya unga. Mvua za Machi zimeanza na mahindi yanangoja kupandwa. Jirani amemwona akiingia upande ule wa hospitali, na maneno yameanza. Kila moja ya sababu hizi ni ya kweli, wala simdharau mtu kwa mojawapo. Ila usingizi wa usiku mmoja ni dalili kwamba dawa imeanza kufanya kazi, na mwezi wa sita, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, yatamrudia yote naye atadhani kwamba ushauri haufai.

Hii ndiyo taksiri kubwa ya huku kwetu. Vitabu vya nchi tajiri huonya juu ya mtu anayekaa na mshauri miaka kumi kwa mazoea. Kakamega, kwa mmoja wa namna hiyo, wapo wengi wanaotoweka kimya kikao cha tatu. Na dawa ya kutoweka ni ileile ya kukawia, yaani kuutaja muda. Laiti siku ya kwanza mama yule angesema, "Daktari, nikuulize: hii kazi yetu itachukua muda gani?" na akajibiwa, "Mama, tuanze na vikao sita, kila Jumatano, cha sita tutaangalia pamoja umefika wapi, na kama nauli ni shida uniambie mapema tupange," basi angeweka akiba ya nauli sita, angemwomba mwalimu mkuu ruhusa kwa Jumatano sita, na angejua kwamba nafuu ya kikao cha tatu ipo katikati ya njia. Mtu maskini huweza kubeba gharama yenye mwisho. Asiyoweza ni ile isiyo na mwisho, na akiogopa kusema hawezi, hukimbia.

Kuhusu kupima, kipo kipimo chepesi ambacho hata mtu asiye msomi hukifahamu: maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita, yaliyotungwa Marekani na kuchunguzwa kwa wagonjwa wa magharibi mwa Kenya yakaonekana yanafaa, ambayo huuliza juu ya usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kukosa raha, kujiona huna thamani, na kadhalika, na jumla yake huanzia 0 na kuishia 27. Mshauri anayeyauliza kila baada ya vikao kadhaa, akaandika jumla, akamwonyesha mwenyewe, anampa mgonjwa macho ya kujionea. Nasisitiza hili kwa kuwa uchunguzi wa Michael Lambert na wenzake huko Marekani ulionyesha kwamba washauri, hata wenye uzoefu, ni wazito wa kumtambua mteja anayezidi kuharibikiwa mikononi mwao. Wema wa moyo hautoshi kuona, hesabu husaidia.

Lakini swali la tisa katika yale lahusu mawazo ya kujidhuru, na kwa miaka mingi watu wetu walilijibu kwa uongo, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kufungwa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nasi tumewafichisha watu uchi huo kwa nguvu ya sheria, kisha tukashangaa kwamba vikao havikuwafaa. Mwenye mawazo hayo asimalize vikao, na mshauri asimwache amalize, mpaka jambo hilo limezungumzwa waziwazi likatulia.

Dalili za kufika mwisho hazina makeke. Mama wa Malava hulitaja jina la marehemu bila kuishiwa pumzi, na siku nyingine hucheka anapolitaja. Kabla mshauri hajauliza, yeye amekwisha kujiuliza na kujijibu. Anasahau tarehe ya miadi kwa kuwa alikuwa na shughuli, wala hakumbuki kwa hofu. Anapata wakati mgumu, akaupita kwa kumwendea dada yake au mchungaji wake, na habari hiyo mshauri huipata baadaye tu. Hapo vikao havifai kukatwa kama kamba. Vya kila wiki huwa vya kila wiki mbili, kisha vya kila mwezi, na cha mwisho hutengwa kwa kuagana: kutaja alikotoka, alipofika, mambo gani yanaweza kumwangusha tena, na siku hiyo ikifika atamwona nani. Kikao hiki ndicho kinachorukwa kuliko vyote, nami nakiona kina haki sawa na kile cha kwanza. Anayerudi baada ya mwaka kwa vikao viwili vitatu hajashindwa kitu, kama vile hajashindwa aliyepona malaria akaugua tena.

Yapo maradhi ambayo kanuni hii haiyahusu namna hii. Mwenye akili iliyopotewa na uhalisi, anayesikia sauti zisizokuwapo, au ambaye furaha na huzuni humpanda na kumshuka kupita kiasi kwa vipindi, atahitaji uangalizi wa miaka, pengine wa maisha, na mtu asimpeleke nyumbani kwa hesabu ya vikao. Vilevile vidonge na vikao ni mambo mawili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani husema kwamba dawa za sonona zifikiriwe kuachwa baada ya miezi 9 hadi 12 bila dalili, tena polepole, chini ya tabibu. Anayemwaga vidonge siku aliyoagana na mshauri wake anajitia hatarini.

Nina neno pia kwa washauri. Tangu mwaka 2014 nchi yetu ina sheria ya washauri na wanasaikolojia, na sheria hiyo imeiinua kazi hii ikawa amana yenye kudaiwa. Anayelipwa kwa kila kikao hana budi kujichunguza dhamiri yake kila anaposema "tuendelee", na sababu ya kuendelea aiandike, amwambie mteja, na amruhusu akatae.

Wewe msomaji, ikiwa una miadi wiki hii hospitalini mjini, au kwa mshauri wa kanisa lenu, au wa chuo, ukiketi kitini na kabla hujaanza kueleza kilichokuleta, mwulize mtu aliye mbele yako vikao vingapi, vya kazi gani, na lini mtapima. Na kama umekwisha kwenda mara tatu ukaona nafuu, usinyamaze nyumbani: nenda mara ya nne umwambie kwamba unafikiri kuacha, mkalizungumze.